Fedha na Imani (3): Faida Hii Inatoka Wapi?

Makala mbili zilizotangulia zilihusu zaka na akiba. Leo tunaingia kwenye uwekezaji, na naanza na jambo ambalo sisi watu wa dini hatupendi kulikumbuka.

Kati ya mwaka 2007 na 2009, taasisi iliyoitwa DECI, yenye makao yake Mabibo, Dar es Salaam, ilikusanya fedha za Watanzania kwa lugha ya ibada. Mtu hakuambiwa anaweka amana. Aliambiwa anapanda mbegu, na muda ukitimia atavuna. Miongoni mwa viongozi wake walikuwemo wachungaji, na mavuno yaliyoahidiwa yalikuwa kati ya asilimia 150 na 250. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Wapo waliovuna kweli, hasa waliowahi. Walivuna fedha za waliochelewa, yaani za muumini wa benchi la nyuma.

Hapakuwa na shamba, duka wala gari la mizigo lililokuwa likizalisha fedha ile. Swali moja tu lingetosha kuizuia isiingie kanisani: faida hii inatoka wapi?

Mkazi wa Sirari hahitaji kufundishwa swali hilo. Mji wetu uko mpakani. Ukivuka uko Isebania, Kenya, na Wakuria wa pande zote mbili ni ndugu. Anayenunua mahindi ndani ya Tarime na kuyauza upande wa pili anajua faida yake ilipo: ni tofauti ya bei, ukitoa gunia, usafiri, ushuru na siku za kusubiri. Anayebadilisha fedha naye anajua yake iko kwenye senti chache kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Muulize yeyote kati yao, atakufanyia hesabu hapo hapo amesimama. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akiletewa mpango na mtu mwenye Biblia mkononi au kanzu mwilini, huona aibu kuuliza. Anadhani kuuliza ni kukosa imani.

Vitabu vyetu havisemi hivyo. Katika mfano wa talanta, Mathayo sura ya 25, watumwa wawili waliosifiwa walikwenda kufanya biashara, na bwana wao aliporudi aliketi akafanya hesabu nao. Yule aliyefukia fedha ardhini aliambiwa kwamba angalau angewapa watoa riba. Luka sura ya 14 inamtaja mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Upande wa Uislamu masharti ni makali zaidi: Sura ya Al-Baqara, aya ya 275, inahalalisha biashara na kuharamisha riba, na wanachuoni wamejenga juu yake kanuni kwamba faida lazima ifungamane na mali au kazi halisi, na anayetaka faida akubali pia kubeba hasara. Kwa kanuni hiyo peke yake, DECI isingepita mlangoni.

Sasa tulipeleke swali hilo kwenye mambo tunayoletewa kila siku.

Kikoba cha akina mama kanisani au msikitini: faida inatoka wapi? Inatoka kwa mwanachama aliyekopa akarejesha na nyongeza. Ni fedha yenu wenyewe inayozunguka. Hilo si kosa ikiwa mkopo ulimsaidia kuongeza mtaji wa genge lake. Lakini kama alikopa ili kulipa deni la wakopeshaji wa riba kubwa mnaowaita "kausha damu", mwisho wa mwaka mnagawana machozi yake mkiyaita gawio. Agano la Kale lilipozuia riba lilimlenga hasa ndugu maskini anayekopa kwa shida, soma Kutoka sura ya 22. Naona vikundi vya Kikristo vimelipita andiko hili haraka mno. Kikundi kinaweza kuwa na mfuko wa dharura usio na nyongeza kabisa, na mfuko wa biashara wenye nyongeza. Wapo wanaofanya hivyo na hawajafilisika.

Hatifungani ya Serikali: unaikopesha Serikali, na faida inatoka kwenye kodi na mapato ya nchi. Kima cha chini ni shilingi milioni moja, na riba hulipwa kila baada ya miezi sita. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwenye milioni moja alikuwa akipata shilingi 159,500 kila mwaka. Mwaka uliofuata Benki Kuu iliishusha kwa matoleo mapya hadi asilimia 12.56. Linganisha na zile 250 za Mabibo. Fedha inayokua kwa asilimia 12 kwa mwaka, riba ikirudishwa ndani, huhitaji takriban miaka sita kuongezeka mara mbili. Anayekuahidi kuifanyia hivyo ndani ya miezi mitatu mwombe akuonyeshe kiwanda chake.

Hisa: faida inatoka kwenye biashara ya kampuni. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua mwaka 1998; NMB iliingia mwaka 2008 na CRDB mwaka 2009. Hisa hupanda na kushuka, na mwaka mbaya gawio linaweza lisitoke. Asiyependa kuchagua mwenyewe anaweza kununua vipande vya mifuko ya UTT AMIS, ambayo mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005. Hapo wataalamu wanagawa fedha yako kwenye hisa, hatifungani na amana za benki.

Mwislamu atauliza, na ana haki: mifuko mingi na hatifungani za kawaida zina riba. Kwake milango ni michache ila ipo. Amana Bank inafanya kazi kwa misingi ya sharia tangu mwaka 2011. Mwaka 2022 Benki ya KCB Tanzania ilitoa Fursa Sukuk, ambayo iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa. Sukuk humpa mwekezaji sehemu ya mapato ya mali au biashara iliyotajwa, mahali pa riba juu ya mkopo. Na zaka ina hesabu yake hapa: mali ikifika nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, na mwaka ukapita, unatoa asilimia 2.5. Fedha iliyolala sandukuni inapungua kila mwaka kwa zaka, achilia mbali mfumuko wa bei. Kwa hiyo dini yenyewe inakusukuma uizungushe.

Na ng'ombe? Wazee wangu wa Tarime na Serengeti hawatanisamehe nikiwaruka. Ng'ombe ana maziwa, ndama, mbolea, na mahari haihesabiwi kwa hatifungani. Faida yake inaonekana zizini. Shida ni pale mali yote inapolala kwenye zizi moja, maana ukame, ugonjwa na wezi havibishi hodi. Mfanyabiashara wa mahindi naye alionjeshwa: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na ingawa zuio liliondolewa baada ya siku chache kwa masharti, malori yalikuwa tayari yamekwama. Mhubiri sura ya 11 inashauri kugawa sehemu saba, hata nane. Sisi tukianza na tatu, yaani mifugo au biashara, amana ya benki, na kipande au hatifungani, tutakuwa tumepiga hatua. Amana ya benki inalindwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi milioni 7.5 kwa mwekaji.

Kabla ya kutoa hata shilingi elfu kumi, uliza leseni: Benki Kuu kwa wanaopokea amana na wanaokopesha, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kwa wanaouza hisa, vipande na sukuk. Leseni haizuii hasara, lakini inakupa mahali pa kumshitakia mtu. Wachungaji, mapadri na mashehe wasiruhusu tangazo lolote la uwekezaji kusomwa baada ya ibada mpaka karatasi hiyo iwe imeonekana. Anayekataa kuionyesha asipewe kipaza sauti.

Wiki ijayo tutazungumzia mirathi na wosia. Leta maswali yako mapema, hasa wewe mwenye zaidi ya mji mmoja.