Fahamu: Boma la mawe la Thimlich Ohinga

Thimlich Ohinga, boma lililo kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, nchini Kenya, na lililotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, yadhaniwa lilijengwa katika karne ya 16, na hata leo mtazamaji hana budi kustaajabu akiona kuta zake, ambazo pengine hupita mita 4 kwenda juu, zimesimama imara pasipo chokaa wala jiwe hata moja lililochongwa.

Hikima yake ni hii: mafundi walipanga safu mbili za mawe makubwa, ya nje na ya ndani, kisha wakajaza vijiwe baina yake hata vyote vikashikamana, wakaongeza na mihimili ya mawe ya kuegemeza ukuta, na milango wakaifanya mifupi makusudi, ili kila aingiaye, awe rafiki au adui, ainame kwanza. Ndani walikaa watu na mifugo yao, kaumu baada ya kaumu, Wabantu na Wajaluo, kila mmoja akitengeneza alichokirithi.

Maboma ya namna hii yametapakaa Migori na Homa Bay, ingawa Thimlich ndilo kubwa na lililosalimika zaidi. Palipokosa mawe, watu wa nchi za Ziwa Viktoria walichimba handaki na kuinua tuta la udongo kuzunguka makazi. Na maboma hayo ya udongo, kwa maoni yangu, yastahili hifadhi upesi zaidi, maana jembe la ng'ombe hulisawazisha tuta kwa misimu michache tu.