Kaizari Akichomwa, Nani Anasikitika?

Mwanafunzi wa sekondari huko Nyamira, eneo la Gusii nchini Kenya, akisoma tanzia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, na kufika pale Casca, mmoja wa waliokula njama, anapomchoma Kaizari, mwalimu asishangae kumwona anatabasamu. Muda mfupi tu kabla, mtawala huyo amejigamba kwamba hatikisiki, kama nyota ya kaskazini. Mtu wa namna hiyo haombolezwi upesi.

Tena kijana huyu ana historia ya kwao. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, akihimizwa na nabii Moraa Ngiti, alimchoma mkuki Geoffry Northcote, ofisa wa utawala wa Kiingereza huko Kisii. Northcote alipona, akapanda vyeo hadi kuwa gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Otenyo aliuawa. Ila anayeitwa shujaa Gusii leo ni Otenyo, na kwa msomaji aliyelelewa na masimulizi hayo, Brutus, kiongozi wa waliomuua Kaizari, huanza na alama za bure.

Shakespeare hamwachi msomaji astarehe. Kaizari anakufa katika tendo la tatu, na bado yamebaki mawili. Brutus anahutubia, umati unamkubali. Kisha anakuja Antony, rafiki wa Kaizari, na joho la marehemu lililotobolewa. Anaonyesha tundu la Casca, tundu la Brutus, utadhani alikuwapo, kumbe wauaji walikwisha kumtoa nje kwa hila. Anasoma wasia wa Kaizari: kila raia drakma 75. Umati ule ule unatoka kwenda kuchoma nyumba, na njiani unamvamia mshairi Cinna kwa kuwa tu jina lake ni sawa na la mmoja wa waliokula njama.

Hapo tabasamu huisha.

Aristotle alisema tanzia huamsha huruma na hofu. Hapa huruma huchelewa, na ikija huletwa na mwanasiasa mwenye hesabu zake.

Kwa hiyo mwanafunzi asione aibu kwamba alifurahi kwanza, wala asiifute furaha hiyo kwenye insha. Aonyeshe ni hotuba ipi iliyomgeuza, na kwa mbinu gani. Kisha asome mwanzo wa tendo la nne, ambako Antony na wenzake wanaandika orodha ya watakaouawa, na yeye mwenyewe anaagiza wasia uletwe waone namna ya kupunguza zile pesa.