Taa za boti Ziwa Tanganyika: Jua rangi kabla ya kuvuka usiku

ZIWA Tanganyika si giza tupu usiku. Mwezi ukipotea, wavuvi huingia majini na taa kuwavuta dagaa, ambao ng'ambo ya Burundi na Uvira huitwa ndagala. Ukisimama ufukweni Kigoma, Rumonge au Kalemie utadhani kuna mji mwingine katikati ya maji.

Taa hizo ndizo zinazowadanganya wengi. Wasafiri, na hata baadhi ya manahodha, hudhani kwamba kwa kuwa ziwa linang'aa, basi na boti yao inaonekana. Sivyo. Taa ya mvuvi ni ya kuita samaki; haimwambii mtu chombo kinaelekea wapi. Boti ya mizigo ikipita hapo bila taa haionekani, na ikiwa na taa moja tu nyeupe hudhaniwa kuwa ni mvuvi aliyesimama.

Wengi wanaorejea makwao wamelivuka ziwa hili kwa meli. Oktoba 2005 wakimbizi wa Kikongo walianza kurudishwa kutoka Kigoma hadi Baraka kwa MV Mwongozo, na Mei 2015 MV Liemba iliwabeba Warundi waliokimbilia Kagunga hadi Kigoma. Lakini safari za kila siku, za kuwaona ndugu waliobaki ng'ambo au kupeleka chumvi na saruji na kurudi na mawese, hufanywa kwa boti za mbao, na nyingine huondoka jioni.

Rangi zinasema nini

Mpangilio wa taa umo katika kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana majini. Boti ya injini huwa na taa nyekundu upande wa kushoto, kijani upande wa kulia, na nyeupe mbili: moja juu ya mlingoti ikitazama mbele, nyingine nyuma. Boti isiyofika mita 12 inaruhusiwa kuweka nyeupe moja inayoonekana pande zote badala ya hizo mbili, na taa hiyo ionekane umbali wa karibu kilomita nne.

Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, mwenzako anakuja usoni pako: kila mmoja ageuze kulia. Ukiona nyekundu upande wako wa kulia, anakatiza mbele yako na wewe ndiye unayepaswa kumpisha. Punguza mwendo, upite nyuma yake. Ukiona nyeupe peke yake, huenda unamfuata mtu kwa nyuma, au kuna mvuvi na nyavu zake. Kaa mbali.

Makosa matatu

Nimevuka ziwa hili mara nyingi kwa boti za mbao, na makosa ninayoyaona ni yale yale. La kwanza ni taa kufunikwa na mzigo: magunia yanapangwa hadi juu, turubai linavutwa, na ile nyekundu haionekani tena. Taa ifungwe juu ya mzigo, si kando yake.

La pili ni tochi. Nahodha anammulika mwenzake usoni, na wote wawili wanabaki vipofu. Jicho lililopigwa na mwanga mkali linaweza kuhitaji nusu saa kulizoea giza tena. Tochi imulikwe majini au kwenye boti yako mwenyewe. Abiria nao wasiwashe simu karibu na nahodha.

La tatu ni kuzima taa ili kutunza betri, na kuiwasha tu pale injini nyingine inaposikika. Kwa mngurumo wa injini yako huwezi kuisikia ya mwenzako mapema. Taa za kisasa za LED hula umeme kidogo. Betri iliyochajiwa kwa sola mchana inaweza kukesha nazo.

Abiria afanye nini

Kabla ya kulipa nauli, mwombe nahodha awashe taa zote mkiwa bado mwaloni. Tazama nyekundu, kijani na nyeupe, kisha uliza kama kuna tochi ya akiba. Hakikisha pia una jaketi la kuokolea, kwani taa haizuii dhoruba.

Akikwambia taa ziko njiani au zitawashwa mkifika katikati, shusha mzigo wako usubiri boti ya asubuhi. Hasara ya siku moja sokoni hulipika.