Kamba ya Pazia

Wengi wetu tukienda likizo hupewa kazi ya kuwatazama watoto wadogo. Twaambiwa tuwaepushe na moto, kisima, mafuta ya taa na barabara. Mimi nataka kuongeza jambo moja ambalo sikupata kuambiwa na mtu, nalo ni kamba ya pazia.

Likizo ya Desemba nilikaa kwa dada yangu, Dar es Salaam, katika nyumba ya orofa aliyopanga. Madirisha yake yana mapazia ya vibao vyembamba, ambayo hufunguliwa na kufungwa kwa kuvuta kamba. Kamba hiyo imeunganishwa ncha kwa ncha, ikafanya kitanzi kirefu kilichoning'inia mpaka karibu na kiti. Siku moja dada alikuwa jikoni, nami nasoma gazeti sebuleni. Mpwa wangu wa miaka miwili alipanda kitini atazame magari. Nilidhani anacheza, maana alikuwa kimya. Nilipoinua macho, kitanzi kilikuwa shingoni mwake na mguu wake mmoja umekwisha kuteleza. Nilimdaka. Yeye hakuumia, lakini mimi nilitetemeka hadi jioni.

Baadaye niliuliza na kusoma, nikajua kwa nini kamba hiyo ni ya hatari. Kwanza, kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kuliko kadiri ya mwili wake, na shingo yake haijapata nguvu. Akinaswa hawezi kujinasua. Pili, njia yake ya pumzi ni nyembamba na laini. Si lazima aning'inie hewani. Akiegemea tu, uzito wake watosha kuibana. Tatu, aliyebanwa koo hawezi kulia. Kwa hiyo ule ukimya nilioudhani mchezo ndio uliokuwa hatari yenyewe. Mtoto aweza kuzimia kwa sekunde chache tu, na kufa kwa dakika chache.

Wenzetu wa Marekani waliweka kanuni mwaka 2018 kwamba mapazia yanayouzwa tayari madukani yasiwe na kamba ndefu awezazo kuzifikia mtoto. Lakini mapazia ya zamani yangaliko majumbani.

Basi, yafaa tufanye nini? Piga ndoano mbili ukutani, mita 1.5 au zaidi kutoka sakafuni, uizungushe kamba yote hapo kila umalizapo kuivuta. Usiifunge fundo, maana fundo laweza kufanya kitanzi kingine. Ondoa kiti na kitanda cha mtoto karibu na dirisha. Na anunuaye pazia jipya achague lisilo na kamba.

Shemeji alipiga ndoano jioni ile ile, nami nikamshikia taa. Ndugu zangu, mkifika nyumbani likizoni, kabla ya kufungua gazeti, tazameni kwanza madirisha.