Siku ya Pombe, Kinini Kisiachwe

Somo: Luka 10:30-37



Kanisani mwetu tunafundisha kwamba mkristo hanywi pombe, na leo hatubadilishi fundisho hilo. Lakini tunao ndugu wanaoishi na virusi vya SIDA, wanaomeza dawa, na pombe bado haijawaachilia. Siku ya kilio, siku ya mahari, jioni ya malipo kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila, lutuku inawakuta. Wakiisha kunywa, wengi wanasema: “Leo nimekunywa, kinini nakiacha. Pombe na dawa vikikutana ni sumu.” Wengine walisikia maneno hayo kwetu sisi wahubiri. Tuyaangalie vizuri, kwa maana yanaua watu.

Dawa inafanya kazi gani? Kinini wanachopewa wagonjwa wengi wakubwa siku hizi kinaunganisha dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kinamezwa kimoja kila siku. Hakiui virusi vyote mwilini, bali kinavizuia visizaane. Ni kama mlinzi wa usiku: akiacha mlango, mwizi anarudi. Mtu akikosa dawa mara nyingi, virusi vinaongezeka tena katika damu, na vinaweza hata kuizoea dawa. Lakini anayemeza kila siku, mpaka kipimo cha damu kisione virusi tena, anapata nguvu, wala hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa.

Je, pombe inageuza kinini hicho kuwa sumu? Hapana. Aliyekunywa leo, ameze leo. Kukiacha ndiko kunakomdhuru zaidi. Akisahau, ameze mara anapokumbuka, lakini asimeze viwili kwa pamoja kana kwamba analipa deni.

Basi pombe haina ubaya? Ina ubaya mwingi. Inaharibu ini, inasahaulisha saa ya dawa, inakula feza ya chakula na ya pikipiki ya kufika hopitali. Anayemeza pia dawa za kifua kikuu yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuumiza ini, na pombe inaongeza mzigo. Huyo naye asiache dawa. Amwambie muuguzi ukweli wote.

Na hapa ndipo kosa letu lilipo. Ndugu anaogopa kusema ukweli. Hopitalini anaficha pombe, kanisani anaficha pombe na kinini pia. Tukimtenga, anapoteza ibada na dawa kwa siku moja. Yule Msamaria hakumuuliza majeruhi kwa nini alipita njia ya Yeriko peke yake. Alimfunga vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa gharama.

Tunaweza kufanya nini? Kule Eldoret, Kenya, wagonjwa 75 wenye virusi waliokuwa wakinywa pombe walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Baadhi yao walikutana katika vikundi mara moja kwa juma, kwa majuma sita, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa, wala si madaktari. Walijifunza kutambua saa na mahali pombe inapowavuta, na namna ya kukataa kikombe cha rafiki. Hao walipunguza pombe kuliko wenzao. Wapendwa, sisi tunao vikundi vya maombi vinavyokutana kila juma. Je, ndugu huyu ana nafasi humo?

Tuangalie mambo matatu. Kwanza, siri yake isitoke kinywani mwetu, hata kwa njia ya ombi mbele ya kusanyiko. Pili, aliyekunywa sana kila siku kwa miaka akiacha ghafula, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, hata kuanguka kwa kifafa. Tusiseme mara moja kwamba ni pepo. Tumwombee tukiwa njiani kumpeleka hopitali. Tatu, asitupe vinini kwa sababu ameombewa, wala asiviache siku ya kufunga. Mfalme Hezekia aliomba, Mungu akamsikia, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20). Maombi na dawa havikugombana siku ile.

Na wewe unayesoma karatasi hii kwa siri, ukiwa na kinini mfukoni na aibu moyoni: meza leo. Meza hata kama jana ulianguka. Kisha uje kama ulivyo, tushindane na pombe pamoja. Mungu hajakuchoka, na sisi tusikuchoke.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Amina.