Malindi kwa Saa ya Maji

Miji ya pwani na wageni wake: sehemu ya tatu

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulikuwa Lamu. Leo tunashuka kusini hadi Malindi, kilomita kama 120 kaskazini ya Mombasa, na naomba nianze kwa kukiri kosa. Safari yangu ya kwanza huko nikiwa mgeni wa kupumzika, wala si mtu wa kazi, nilijiandikia ratiba safi kwenye daftari: asubuhi kuogelea, mchana magofu, jioni mashua ya kwenda kutazama samaki mwambani. Asubuhi nikashuka ufuoni, taulo begani, nikakuta bahari haipo. Palikuwa na mchanga mtupu, vidimbwi, watoto wawili wakichokoa mashimo ya pweza kwa vijiti, na mbali huko mstari mweupe wa mawimbi. Mzee mmoja aliyekuwa akikalafati dau lake alinitazama, kisha akalitazama taulo.

"Mwanangu," akasema, "mwezi umeandama jana. Rudi saa kumi."

Saa kumi nikarudi, maji yamejaa tele, nikaogelea hadi vidole vikakunjamana. Lakini mashua niliyoipangia jioni ile ilikuwa imekwenda na kurudi asubuhi, wakati mimi nimesimama ufuoni nikiwaza bahari imekwenda wapi. Tangu hapo, mtu akiniuliza afanye nini Malindi, namjibu kwa swali: utakuwa huko tarehe ngapi za mwezi? Na sisemi mwezi wa kalenda ya ukutani.

Wasomaji wa visiwani na wa mwambao watanisamehe kwa somo lifuatalo, maana wamelinyonya pamoja na maziwa. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, mwezi na jua huvuta maji kwa mstari mmoja, na hapo tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina kwenye pwani ya Kenya hufika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Jambo ambalo vitabu vya watalii huliacha ni kwamba saa za bamvua hazibadilikibadiliki ovyo. Kwetu bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Baada ya hapo saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku, mpaka siku za maji mafu mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, saa kumi yamepwa. Kwa hiyo mtu anayeutazama mwezi usiku wa kufika kwake anaweza kuipanga wiki nzima bila kumuuliza mtu.

Mashua za kwenda kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi hufuata saa hiyohiyo. Hifadhi ile, pamoja na jirani yake ya Watamu, ilitangazwa mwaka 1968, na ni miongoni mwa za mwanzo barani Afrika. Kwenda huko maji yamejaa ni kulipia kivuli: matumbawe yako chini mno na mwanga hauyafikii vizuri. Maji yakipwa, bustani za matumbawe huwa karibu na uso wa bahari, na hata asiyejua kuogelea huona kitu kupitia sakafu ya kioo ya mashua. Ombi langu ni moja tu. Usikanyage matumbawe, hata nahodha akikwambia hapana neno. Ni viumbe hai, na kipande kinachovunjika kwa kisigino kimoja huchukua miaka kurudi.

Sasa rangi ya maji. Huku ndiko wageni wengi huvunjika moyo, kwa sababu picha zilizowaleta zilikuwa za buluu, na bahari waliyoikuta mbele ya mji ni ya rangi ya chai ya maziwa. Wengine hudhani ni uchafu wa mji. La hasha. Ni udongo wa bara. Mto unaoitwa Athi huko nyanda za juu, karibu na Nairobi, hupita Ukambani, hugeuka jina ukawa Galana katika Tsavo, na unapofika baharini, kaskazini kidogo ya Malindi, wenyeji wanauita Sabaki. Mvua zinaponyesha bara, Sabaki huja na mashamba ya watu. Kisha kinachoamua rangi ya ufuo wako ni upepo. Wakati wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, tope hilo husukumwa kaskazini kuelekea ghuba ya Ungwana. Wakati wa kaskazi, hasa baada ya mvua za vuli, hurudishwa kusini, moja kwa moja mbele ya hoteli. Ndiyo maana mgeni wa Desemba, anayelipa bei ya juu kuliko wote, mara nyingi ndiye anayeona maji mekundu! Mwenye akili hupanda matatu kwenda Watamu, safari ya chini ya saa moja, akakuta maji ya buluu na vijisiwa vya mawe ambavyo maji yakipwa huvifikia kwa miguu. Wakati wa kusi nao una lake: bahari huchafuka, na baadhi ya fuo hufunikwa na mwani. Hakuna msimu usio na kasoro, na mimi binafsi napenda Februari na mwanzo wa Machi, kaskazi ikiwa imetulia na mto umepungua.

Tope hilohilo limeipa Malindi ufuo. Mchanga wa Sabaki umekuwa ukiongeza upana wa pwani ya ghuba kwa miongo mingi, hata majengo yaliyokuwa yakitazama maji kwa karibu leo yanatazama uwanja wa mchanga. Nenda mlangoni mwa mto asubuhi mapema, ukiwa na mtembeza wageni kutoka kijiji cha jirani. Utaona makundi ya ndege wa kila namna, na ukibahatika, viboko waliojilaza mahali ambapo maji ya chumvi na maji baridi hukutana.

Pepo hizo za kusi na kaskazi ndizo zinazoifafanua ile nguzo nyeupe iliyo kwenye rasi, ambayo kila mgeni hupigwa picha chini yake. Watu husimuliwa kwamba Vasco da Gama alifika hapa mwaka 1498, basi. Hadithi yenyewe ina mafunzo zaidi ya hapo. Alifika katikati ya Aprili, ametoka kugombana Mombasa, na mfalme wa Malindi, aliyekuwa na uhasama wake na Mombasa, akampokea na kumpa rubani. Kwamba rubani huyo alikuwa bingwa Ahmad ibn Majid ni simulizi iliyoenea, ila wanahistoria wengi leo hawaikubali. Walipong'oa nanga tarehe 24 Aprili kusi ilikuwa inaanza kuvuma, na tarehe 20 Mei walikuwa Calicut. Chini ya mwezi mmoja! Kurudi, Mreno akajifanya anajua. Hakungoja kaskazi. Akaondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, wakati wa tangambili, upepo haujaamua uelekee wapi, na akatangatanga baharini karibu miezi mitatu. Alipoiona tena Malindi, tarehe 7 Januari 1499, mabaharia wake walikuwa wamevimba fizi na wengi wamekufa, na miongoni mwa vitu vya kwanza alivyoagiza kutoka nchi kavu vilikuwa machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote, ikabidi meli moja, São Rafael, ichomwe moto kusini zaidi. Shajara ya safari ile inaliweka ombi la kusimamisha nguzo katika ziara hii ya pili. Kwa hiyo unaposimama pale, unasimama kwenye alama ya watu waliookolewa na wenyeji wao. Msalaba wa juu ni wa jiwe lililoletwa kutoka Lisbon. Koni nyeupe inayoushikilia iliongezwa baadaye, na mahali pa mwanzo pa nguzo palikuwa karibu na nyumba ya mfalme.

Ukishuka kutoka hapo kwa miguu, pita kwenye kanisa dogo la Wareno ambalo Francis Xavier alilipitia mwaka 1542 akielekea India, kisha makaburi mawili ya nguzo kando ya msikiti wa Ijumaa. Makaburi hayo ni ya zamani kuliko Mreno, na wageni wengi huyapita bila kugeuza shingo. Mji huu ulikuwa ukijulikana Uchina kabla ya kujulikana Ulaya: mwaka 1415 ulipeleka twiga kwenye baraza la mfalme wa Kichina, ambako alidhaniwa kuwa mnyama wa baraka wa hekaya zao. Wareno walipohamia Mombasa mwaka 1593 na kuanza kujenga Ngome ya Yesu, Malindi ikazimika, hadi karne ya 19 ilipofufuliwa chini ya masultani wa Zanzibar kwa mashamba makubwa ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Hilo nalo lisisahaulike tunaposifu uzuri wa mji.

Usishangae muuza maembe akikusalimia kwa Kiitaliano. Waitaliano walikuja kwa wingi tangu miaka ya 1960, na njia mojawapo iliyowafungulia mlango ilikuwa roketi. Huko Ngomeni, kaskazini ya mji, walisimamisha majukwaa ya San Marco baharini, kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupaa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutafiti miale ya eksirei kutoka angani. Ikapewa jina Uhuru. Majukwaa yenyewe huonekana kwa mbali tu, lakini ni vizuri kujua kwamba mkahawa unaokuuzia aiskrimu ya Kiitaliano una ukoo na nyota.

Siku moja nzima itenge kwa ajili ya Gede, kilomita kama 16 kusini, na uchague siku ambayo ufuo haukuiti. Mji huu wa mawe uliojificha msituni ulistawi hadi karne ya 16 na kuhamwa mapema katika karne ya 17. Mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. James Kirkman aliuchimbua kati ya 1948 na 1958 akakuta vyombo vya kaure vya Kichina, shanga, sarafu. Fumbo lake hunisumbua kila niendapo: Wareno waliishi Malindi karibu miaka 100, mwendo wa asubuhi moja kutoka hapo, na maandishi yao hayautaji mji huu. Tena walioujenga hawakuujenga ufuoni. Kuhusu kuhamwa kwake sababu kadhaa hutajwa, kama vile vita na uvamizi kutoka kaskazini. Mimi nakushauri uchungulie visima. Kile cha msikiti mkuu kiliongezwa kina baada ya kuchimbwa mara ya kwanza, dalili kwamba maji ya ardhini yalikuwa yanawakimbia. Kaa kidogo kwenye ukingo wake, ila funga mkoba wako, kwani kima wa Gede wana mikono myepesi.

Langoni hapo upo mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi wa vipepeo na kuuza mabundo (pupa) ng'ambo, hivyo msitu ukiwa hai mfuko wao pia una uhai. Msitu wenyewe, kama kilomita za mraba 420, ni mabaki makubwa kuliko yote ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Ingia na mtembeza wageni wa hapo, alfajiri, na mwombe akuonyeshe mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu. Ukitoka, bado una hori ya Mida, mikoko na daraja lake la mbao. Hapo nako tazama maji: yanapoanza kujaa, ndege waliotawanyika kwenye tope husukumwa karibu nawe, wakiwemo wala-kaa waliozaliana huko Ghuba ya Uajemi na kuja kwetu kukwepa baridi.

Chakula sitakiandikia mengi. Mahamri na mbaazi za nazi asubuhi mji wa kale, samaki wa kupaka jioni, viazi karai kando ya barabara. Mkahawa ukiwa na orodha ya kurasa kumi, pita.

Jioni ya mwisho ondoka kabisa baharini. Nenda Marafa, bara kidogo, mahali ambapo maji ya mvua yamelichonga bonde likabaki na minara ya udongo mweupe, wa waridi na mwekundu. Wagiriama hupaita Nyari, na wana hadithi ya familia tajiri iliyokuwa ikioga maziwa mpaka ardhi ikawameza. Mwachie mtembeza wageni aisimulie, maana kila mmoja huifupisha na kuirefusha kwa namna yake. Fika saa kumi na moja, joto likiwa limelegea. Mara ya mwisho nilipokuwa pale, kijana aliyeniongoza aliokota bonge la udongo mwekundu, akalivunja kiganjani, akaonyesha korongo lililoelekea mashariki. "Mvua ikija," alisema, "huu nao unakwenda baharini."

Wiki ijayo: Kilifi na hori yake.