Tiba ya VVU Fedha za Nje Zinapopungua: Isingiro na Nakivale (Sehemu ya Pili)

Kaberebere, mji mdogo wa wilaya ya Isingiro ulio kati ya Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, umo katika ukanda ulioelemewa na VVU: utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta asilimia 7.9 ya watu wazima wa kusini-magharibi mwa Uganda wakiishi na virusi hivyo, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 6.2. Kwa hiyo Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje tarehe 20 Januari 2025, kishindo kilifika huku upesi, kwa kuwa PEPFAR, yaani mpango wa dharura wa Rais wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa 2003, ndio uliokuwa umebeba sehemu kubwa ya gharama.

Dawa za ARV, ambazo huzuia virusi kuzaliana mwilini, zilipata ruhusa ya kuendelea baada ya siku chache. Waliotikisika zaidi ni watu: washauri nasaha, makarani wa takwimu na wahudumu rika, yaani watu wanaoishi na VVU waliofunzwa kuwafuatilia wenzao, ambao wengi walilipwa na wafadhili kwa mikataba ya muda. Februari 2025 Wizara ya Afya iliagiza kliniki maalumu za VVU ziunganishwe na huduma za wagonjwa wa nje na za maradhi sugu kama kisukari. Agizo hilo lina mantiki, na huenda hata likapunguza unyanyapaa, kwani mgonjwa hatambulikani tena kwa mlango anaoingilia. Lakini katika foleni ya wote ni vigumu kujua nani hakuja.

Nakivale, iliyoanzishwa 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda na ambayo leo inahifadhi pia Wakongo, Warundi na Wasomali, inaonyesha ugumu huo waziwazi. Aliyekimbia vita vya Kivu huweza kufika bila kadi ya matibabu, asijue Kinyankole wala Kiingereza, na asipopata mkalimani anayemwamini, huacha dawa kimyakimya. Isitoshe, mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwakatia mgao wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda, na mwenye njaa huona tabu kumeza vidonge kila siku. Naye anayerukaruka dozi huvipa virusi nafasi ya kujenga usugu, ambao tiba yake ni ghali zaidi.

Sheria ya 2014 ilikwisha kuunda mfuko wa kitaifa wa UKIMWI, uliokusudiwa kulishwa na sehemu ya kodi za bia, soda na maji ya chupa, lakini muongo mzima ulipita bila mfuko huo kuwa tegemeo. Bunge liutie fedha sasa, na fungu la kwanza liwalipe wahudumu rika na wakalimani wa vituo vya afya, kabla ya warsha za hotelini, ambazo hazikosi mfadhili.